Ndege Tuliyoiita Shangazi

4 Machi

Mjukuu wangu, Mwalimu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba ndege ina umri mmoja. Wanauliza ilitengenezwa mwaka gani, wakijibiwa wanapiga hesabu, wanatikisa kichwa, wanasema imezeeka. Na wewe umeuliza hivyo hivyo, tena Bibi yako anasema umeuliza kwa wino mwekundu, kama unayenisahihishia daftari. Nakusamehe kwa sababu wewe ni mke wangu mdogo, na kwa sababu habari uliyonipa imefanya chai yangu ipoe kikombeni. Ndege kuukuu iliyoachwa pembeni mwa kiwanja cha mji wenu, ambayo shule yako imepewa iwe chumba cha kusomea watoto, ina mkiani zile herufi mbili ulizonitajia. Basi hakuna nyingine. Ni Shangazi.

Mafundi wote wa karakana tulimwita hivyo kwa tabia zake. Akija anasikika kabla hajaonekana, haji mikono mitupu, na ukimkosea anakwambia papo hapo mbele za watu. Nilianza kumhudumia nikiwa mwanafunzi wa ufundi, nikamwacha nikiwa mkaguzi mwenye mvi.

Sasa nikueleze huo umri. Ndege ni ukoo, si mtu mmoja. Kiwiliwili kina umri wake, kila injini ina wake, mapanga yana wake, hata mguu wa mbele unaweza kuwa mdogo kuliko wa nyuma. Injini alizokuja nazo zilitolewa zote nne, zikapelekwa matengenezo makubwa, ziliporudi zikafungwa kwa ndege wenzake, na yeye akafungwa za wenzake. Hizo nne unazoziona leo ni wageni waliokutana ugenini.

Na umri wa kiwiliwili hauhesabiwi kwa miaka. Kule juu hewa ni nyepesi, mtu hawezi kuipumua, kwa hiyo ndege hujazwa hewa kama mpira. Akipanda, bati lake linavimba kiasi ambacho jicho halioni, akishuka, linanywea. Chukua waya, uukunje na kuukunjua, uukunje na kuukunjua. Mwisho utakatika, na kilichoukata si uzee bali ni kukunjwa. Ndiyo maana ndege ya safari fupi fupi huchakaa kabla ya ile ya safari ndefu. Shangazi alikuwa wa safari fupi. Alipumua sana.

Watoto watakwambia ana mapanga mbele, basi ni wa kizamani. Waeleze kwamba nyuma ya lile panga kuna injini ya jeti. Hewa inaingia, inabanwa, inachanganywa na mafuta, inawaka, na ule moto unazungusha gurudumu lenye vipanga vidogo vidogo, nalo gurudumu linazungusha panga. Mafuta yenyewe ni yale ya taa, yaliyosafishwa zaidi. Wiki ya kwanza abiria walikuwa wakivuta pua na kumuuliza mhudumu kama kuna mtu anapika. Tena alikuwa mtulivu. Wale waliozoea ndege za zamani, zilizotikisa meno mpaka mtu akashuka anajishika taya, walipopanda Shangazi walimsikia jirani akitafuna. Rubani wa kwanza aliweka glasi ya maji juu ya meza ya abiria, akaruka, maji hayakumwagika.

Alibeba mawaziri. Alibeba wanafunzi waliokuwa wanakwenda kusoma nchi za baridi, makoti yamewazidi mabega. Alibeba maharusi, na mara moja jeneza, na siku hiyo rubani alitua kwa upole ambao sijauona tena. Mengine nitakwambia ukiandika.

Babu yako


15 Machi

Babu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea darasa la sita na sasa sina amani. Kila mtu anahesabu umri wa viungo vyake. Mmoja amesema yeye ana miaka kumi na miwili lakini meno yake ya mbele bado machanga. Mwingine amesema kiatu chake cha kushoto kimekizidi umri kile cha kulia, na ni kweli, nimeviona.

Ila nina shida, na nitaisema moja kwa moja. Mhandisi wa halmashauri si mtu mbaya, ila ni mwoga wa kila kitu kilicho juu ya ardhi. Anasema hawezi kuruhusu watoto waingie ndani ya chombo ambacho yeye mwenyewe hakijui. Anataka mtu anayeijua ndege ile aje, aingie, aitazame kwa macho yake na amwambie sakafu iko salama wapi na si salama wapi, na kama miguu yake haiwezi kujikunja siku moja watoto wakiwa ndani. Akikosa mtu huyo kabla shule hazijafunguliwa baada ya likizo ya katikati ya mwaka, ataita watu wa vyuma chakavu waikate. Mwalimu Mkuu ameshamwita seremala kupima rafu. Watoto wameshagawana viti vya dirishani. Mimi mtaalamu pekee ninayemjua ni mume wangu.

Njoo, Babu. Basi la asubuhi linakufikisha jioni. Nitakupokea stendi, utalala chumbani kwangu, mimi nitalala kwa jirani. Njoo na Bibi kama hataki kuniamini na wewe.

Halafu mstari mmoja wa barua yako ulikuwa lugha ya majini. Nimeuchunguza mpaka nikagundua kila herufi imesogea nafasi moja kulia. Kumbe ulitaka kusema maji hayakumwagika, nami nimeusahihisha kwa wino mwekundu. Badilisha hiyo taipureta, imezeeka. Au nirudishe maneno yangu, maana nani anajua umri wake?

Mjukuu wako,
Mwalimu


27 Machi

Mwalimu wangu,

Marahaba. Taipureta haina neno, utepe wake ndio umelegea.

Kuhusu kuja, ningependa sana, lakini tuna kuku wanaotaga, na goti langu la kulia halipendi basi, na mvua ziko karibu, na Bibi yako hawezi kuachwa na mlango ule usiofunga. Nimekupa sababu nne. Ukizikataa zote nitatafuta ya tano. Lakini hakuna haja. Nitakueleza kila kitu kwa barua, nawe utamweleza Mhandisi. Shangazi namjua kama nyumba hii ninayokaa.

Kwanza miguu. Kila mguu una tundu, na kwenye tundu huingia pini ya chuma yenye kitambaa chekundu kinachoning'inia. Pini ikiwa ndani, mguu haukunjiki hata ukimwita fahali ausukume. Kitambaa kitakuwa kimeliwa na jua. Wewe tafuta pini.

Pili sakafu. Watu hudhani adui wa ndege ni dhoruba. Adui wa ndege ni chai. Matone ya jikoni yanapenya chini ya zulia, yanakaa juu ya bati mwaka baada ya mwaka, bati linageuka unga. Basi jiko la Shangazi liko mbele, mara tu unapotoka kwa marubani, upande wa kulia. Hapo mfunue zulia na mgonge kila ubao kwa mpini wa bisibisi. Ubao mzima unajibu. Ubao mbovu unakaa kimya. Kwingine kote fungeni hata harusi.

Tatu, Mhandisi akiuliza kwa nini aliachishwa kuruka, mwambie ni mhimili wa mabawa. Ule mhimili umepewa idadi ya safari tangu kiwandani. Ukizifikisha unatolewa, hata kama unang'aa, kwa sababu uchovu wa chuma hauonekani kwa nje. Wake ulipofika mwisho, kumwekea mwingine kulikuwa ghali kuliko yeye mwenyewe. Wakampeleka huko kwenu kwa safari yake ya mwisho, wakasema watarudi kumchukua. Unajua mwenyewe jinsi watu wanavyosema.

Lakini kabla ya hapo alifanya kazi nyingine ambayo watoto wataipenda. Jeti kubwa zilipokuja, yeye aliondolewa viti akawa mchukuzi. Alfajiri alibeba magazeti, mchana vifaranga wa siku moja, maboksi mpaka darini. Rubani alilalamika kwamba mnara wa kiwanja haumsikii kwa kelele za abiria wake. Mwaka wa mafuriko alibeba unga. Alirudi mweupe ndani na nje, tukamwosha kwa mifagio. Sikumwona akilalamika.

Babu yako


28 Machi

Mke mwenzangu,

Hii ni bahasha yangu mwenyewe na imetoka bila mumeo kujua, kwa hiyo usiijibu kwa jina lake.

Babu yako haoni. Nasema mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa. Jicho la kushoto limezima kabisa, la kulia lina ukungu. Barua zako nazisoma mimi, kwa sauti, na pale unapomwita mume wako ananiambia nirudie. Zake anazichapa kwa vidole kwa mazoea ya miaka, na siku vidole vikianza pembeni kidogo ndipo unapopata hiyo lugha ya majini. Maneno yako ya herufi kusogea sikumsomea, nilimsomea ya uzee wa taipureta tu. Nilikohoa nikaendelea.

Daktari wa wilaya alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa, watu wanatolewa kila siku. Yeye akasema ameona maisha yake yote chombo kizima kikiingia karakana kikatoka na ugonjwa, na kwamba kilichofunguliwa hakifungiki kama kilivyotoka kiwandani. Ukimbishia anakueleza. Unajua akianza kueleza.

Anasema bado anaona, na anajipima. Kila asubuhi anasimama mbele ya kalenda, anafunika jicho la kushoto kwa kiganja, anasoma mwezi, jina la duka, na kwamba kuna picha ya ng'ombe. Wiki iliyopita nikaibandua kalenda kwenda kuifuta vumbi, nikatundika taulo la vyombo pale pale msumarini. Akaja, akafunika jicho, akalisomea taulo. Mwezi, duka, ng'ombe, hakuacha hata mkato. Akaniambia, "Umeona? Hakuna kilichopungua." Nikamwambia ni kweli. Nikaenda jikoni, nikalia kidogo, nikacheka kidogo, nikapika.

Na huyu ndiye aliyekuwa akiwafukuza vijana kazini kwa kukagua kwa kumbukumbu.

Kinachonipa shida zaidi ni kwamba ananiambia sijabadilika. Kila siku, sijabadilika. Sasa mwanamke gani ataharakisha kumtibu mume wa namna hiyo? Lakini juzi alimimina chai pembeni mwa kikombe, ikamwagikia mkono, akajifanya imemwagika kwa sababu ya paka. Hatuna paka.

Usimwite kama mgonjwa. Mwite kama mtu anayehitajika. Hilo tu ndilo litamtoa nje ya mlango huu, ambao, kwa taarifa yako, unafunga vizuri sana.

Bibi yako


11 Aprili

Babu, shikamoo.

Tumefanya kama ulivyoelekeza. Pini tumezikuta zote, moja ikiwa na uzi mmoja mwekundu uliobaki. Mbele tumefunua zulia, tumegonga kila ubao kwa bisibisi, na kila ubao umejibu kama unavyosema. Mhandisi mwenyewe aligonga. Alifurahi mpaka akakaa kwenye kiti cha rubani akashika usukani, na hakujua tunamwona.

Halafu tukaanza kuingiza rafu. Seremala alikuwa akirudi nyuma, amebeba upande mmoja, alipofika karibu na mlango wa mkiani sakafu ikafunguka ikameza mguu mpaka gotini. Hakuumia vibaya, amechubuka tu, usiwe na wasiwasi. Tulipoinua ubao tukaona bati la chini limekuwa unga mweupe, ukipuliza linaruka. Ndani ya ule unga kulikuwa na kijiko cha chai chenye chapa ya ndege kwenye mpini.

Mhandisi ameufunga mlango kwa mnyororo. Hakupiga kelele, na hilo limeniumiza zaidi. Aliniuliza tu, "Huyo babu yako aliyeandika kwamba kwingine kote tufunge harusi, ameiona lini ndege hii?" Ananiambia hataki barua nyingine. Anataka mtu.

Babu, kijiko kilifikaje nyuma kama jiko lilikuwa mbele? Sikulaumu. Nauliza kwa sababu nikijua nitaweza kumjibu.

Kwetu ni salama. Wiki hii nafundisha nimekaa, uzee umeanza kunijia mimi badala yako.

Mjukuu wako,
Mwalimu


22 Aprili

Mjukuu wangu,

Kijiko ni cha kwetu.

Bibi yako aliponisomea barua yako nilimwomba anisomee mara ya pili. Naam, anisomee. Najua anakuandikia, harufu ya gundi ya bahasha naijua, na siku moja baada ya kufunga barua yangu niliisikia tena humu ndani. Sijakasirika. Basi tusifichane tena: sioni vizuri, na nilikuwa nikijiambia naona.

Sasa nikujibu swali lako, kwa sababu ni swali zuri. Jiko lilikuwa mbele Shangazi alipokuja mpya. Baadaye kampuni ilitaka kuongeza safu ya viti, jiko likahamishiwa nyuma, karibu na mlango wa mkiani, na likakaa huko miaka yote iliyobaki ya abiria. Aliyesimamia kuhamisha ni mimi. Lile birika kubwa la maji moto nililibeba mwenyewe na mwenzangu mmoja, nikaungua kidole. Kovu ninalo.

Nilijua, na bado nikakuandikia mbele. Nimelifikiria jambo hili kwa siku kadhaa, nimekaa barazani, na nadhani nimelielewa. Nikifumba macho nikamwita Shangazi, anayekuja si yule aliyebeba vifaranga. Anakuja yule wa siku ya kwanza, mweupe juu, mstari wa buluu ubavuni, nami nina ovaroli lisilo na doa, tumepangwa mstari tumpokee. Huyo ndiye niliyekukagulia. Nilikutumia ukaguzi wa ndege ya ujana wangu, na mtu akaukanyaga. Mpe seremala pole yangu, na umwambie kosa si la ubao.

Kuhusu hospitali nitakwambia jambo ambalo sijamwambia daktari. Nauogopa upasuaji, lakini si kwa maumivu. Kwa ukungu huu nilionao, Bibi yako akisimama mlangoni asubuhi namwona. Simwoni uso, naona umbo lake na mwanga nyuma yake, na namna anavyoegemea. Wakilifungua jicho hili likakataa kufunga, nitakuwa nimeuza hicho kidogo nilichobakiza. Mtu mwenye sarafu moja hachezi kamari.

Kwa hiyo sijui. Lakini mpaka juzi nilikuwa nasema sitaki, na leo nasema sijui. Ukiwa mwalimu utaona hiyo ni hatua.

Babu yako

Bibi yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga, kwa sababu hakuna njia nyingine. Alipofika pale pa yeye kusimama mlangoni aliiweka chini, akaenda kuwapa kuku maji. Walikuwa wameshapewa.


9 Mei

Mke mwenzangu,

Tumefanya. Acha nikueleze kabla yeye hajakueleza, maana yeye ataanza na historia ya kioo.

Tulikwenda hospitali ya mkoa kwa kuuliza tu. Ndivyo tulivyokubaliana, kuuliza tu. Daktari wa macho ni binti, umri wako au chini yako kidogo. Babu yako akakaa akamweleza jinsi ndege inavyojazwa hewa, na jinsi bati linavyochoka, na kwa nini yeye hataki jicho lake zuri lifunguliwe. Yule binti alisikiliza yote. Foleni nje inanung'unika, yeye anasikiliza. Alipomaliza akamwambia, "Babu, umeeleza vizuri. Sasa zamu yangu. Hilo zuri hatuligusi. Tunaanza na lile lisiloona."

Babu yako akasema, "Hakuna aliyeniambia."

"Babu," binti akasema, "nani alipewa nafasi?"

Nilitazama ukutani nisicheke. Muda wote alikuwa anaogopa kupoteza jicho ambalo hakuna mtu aliyetaka kulishika. Yule daktari wa wilaya alijaribu kumwambia, nakumbuka sasa, ila alikatizwa kwenye mambo ya karakana.

Akauliza swali moja tu la mwisho: baada ya kazi, nani atamkagua yeye daktari? Binti akamwambia bandeji itafunguliwa kesho yake na daktari mwingine, yeye hajipitishii kazi yake mwenyewe. Babu yako akavua viatu akapanda kitandani.

Asubuhi wakafungua. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi mbele yake, nimevaa gauni la kijani, najiona nimependeza. Akanitazama. Akanitazama kwa muda mrefu, mwenzangu, nesi akatoka akarudi bado ananitazama. Halafu akasema polepole, "Lini?"

Nilijua anauliza nilizeeka lini. Nikamwambia, kidogo kidogo, wewe ulikuwa hutazami. Akanishika uso kwa mikono miwili, hapo hapo mbele ya wagonjwa, akapitisha kidole kwenye kila kunjo kama anayetafuta ufa kwenye bati. Nikamuuliza, je, napita au napelekwa kwenye vyuma chakavu? Akasema napita bila masharti.

Kisha akaomba kioo ajitazame mwenyewe, na tangu hapo amenuna.

Bibi yako


20 Mei

Babu na Bibi, shikamooni.

Nimeisoma barua ya Bibi chumba cha walimu nikalazimika kutoka nje. Mwalimu wa hesabu amedhani nimefiwa.

Nimekwenda kwa Mhandisi, nikamwambia mtu anakuja. Amekubali kusubiri mpaka wiki ya pili ya Juni, ambapo daktari amesema Babu anaweza kusafiri. Mnyororo utafunguliwa mbele yako tu. Watoto watakuwa nje ya kamba, nimewaapisha. Seremala anakusalimu.

Babu, njoo na miwani uliyopewa. Bibi, njoo na gauni la kijani. Ngazi ni fupi na nimeifunga kamba za kushikia pande zote mbili.

Mjukuu wenu,
Mwalimu


17 Juni

Mjukuu wangu,

Tumefika salama, kuku wametupokea. Hii naiandika kwa mkono, utaona mistari inapanda mlima, lakini ni yangu na naiona.

Nataka nikuandikie nilichokiona, kwa sababu siku ile nilikuwa nazungumza sana na hukupata nafasi ya kujua nilikuwa natazama nini.

Uliponifungulia mlango nilidhani nimepelekwa kwa ndege nyingine. Mstari wa buluu umefutika. Ubavuni kuna viraka ambavyo mimi sikuvitia, vya mafundi walionifuata, wa miaka ya mwisho ya magazeti na vifaranga, watu nisiowajua. Nilivipitia kimoja kimoja. Misumari imepangwa sawa, kingo zimelainishwa. Kila kiraka ni mtu aliyeinama hapo akasema bado, bado tunaye. Nikamwona Shangazi jinsi alivyo, nikampenda kuliko yule wa siku ya kwanza. Yule alikuwa mgeni. Huyu ni wetu.

Mhandisi wako ni mtu mwangalifu na nimemheshimu. Wewe unamwita mwoga. Huko kazini kwetu angepanda cheo. Tulitambaa pamoja chini ya sakafu, yeye na suruali yake safi, na kila nilipomwonyesha kitu aliniambia nimwonyeshe tena. Tumekubaliana: nyuma kote kuanzia safu ya mwisho ya madirisha pafungwe kwa mbao mpaka bati libadilishwe, mbele na katikati watoto wanaweza kuingia, kwa makundi madogo, kuanzia siku ya kufungua shule. Ametia sahihi yeye, na mimi sikutia, kwa sababu mimi ni babu wa mwalimu.

Niliwaona watoto nyuma ya kamba. Yule wa meno nilimtambua kabla hujaniambia. Nilimwona Bibi yako amekaa kiti cha dirishani, anatazama nje kama anasafiri, mkoba mapajani. Nilipomuuliza anakwenda wapi alisema nisimsumbue, tumeshapaa. Miaka yote niliyomhudumia Shangazi, mke wangu hakuwahi kupanda ndege. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nilikaa kiti cha pembeni yake tukasafiri kidogo.

Nimemtazama na seremala wako. Nilimpa pole ya mguu; akanishukuru kwa heshima, akatazama pembeni. Alipanda na kushuka ngazi ile siku nzima, rafu begani, miguu yote miwili mizima kama ya mbuzi. Wewe ulipanda mara tatu nikiwepo. Kila kipandio ulianza na mguu wa kulia, wa kushoto ukaufuata taratibu, na mkono wako uliishika kamba mpaka vidole vikawa vyeupe. Ile kamba ulisema umeifunga kwa ajili yangu.

Sikusema kitu mbele ya watu. Najua kwa nini uliniandikia ni yeye: hukutaka nijue ni nani aliyeukanyaga ukaguzi wangu. Ahsante, mama. Lakini ni zaidi ya miezi miwili sasa, na mguu uliochubuka tu hauchukui muda huo.

Bibi yako anakusalimu na hajui. Nimekuachia umwambie mwenyewe.

Babu yako

N.B. Usisubiri Jumamosi na usisubiri likizo iishe. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda hospitali ukapigwe picha ya mguu wa kushoto.